Bustani ya Mboga Nyumbani: Mwongozo kwa Kaya ya Dar es Salaam Inayotaka Kupunguza Gharama za Chakula

Sehemu kubwa ya chakula kinachouzwa katika masoko ya Dar es Salaam husafiri mbali kabla ya kufika kwa mlaji. Nyanya hutoka Iringa, Morogoro na Lushoto, vitunguu hutoka Singida na Ruaha Mbuyuni, na mchele hutoka Kyela, Kilombero na Shinyanga. Kwa hiyo bei ya dizeli au ya mbolea inapopanda, mnunuzi wa Buguruni na Tandika hulipa sehemu yake bila kuulizwa. Hali hiyo ilionekana wazi mwaka 2022, ambapo petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na mbolea ilipanda kiasi cha kuilazimu Serikali kuanzisha ruzuku kwa wakulima. Wito wa kulima mjini si mgeni pia: wazee wanaikumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1974 na 1975, ambapo, baada ya ukame na upungufu wa chakula, hata wafanyakazi wa mijini walihimizwa kushika jembe.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kaya yenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, kibaraza kinachopata jua, au upenyo tu kati ya ukuta na uzio. Mwenye ekari Mkuranga au Bagamoyo ana mambo yake mengine. Msimamo wangu nautaja mapema, ili msomaji asije akapoteza nguvu: bustani ya nyumbani haitamwondolea mtu wa mjini gharama ya unga, mchele wala mafuta ya kula, lakini inaweza kuondoa karibu gharama yote ya mboga za majani, na katika jiji hili kinachoamua kama itafanikiwa ni maji zaidi ya ardhi.

Hatua ya kwanza: Fanya hesabu ya jikoni

Kwa muda wa wiki mbili, andika katika daftari kila kinachonunuliwa kwa ajili ya jikoni, pamoja na bei yake, bila kuacha hata ndimu ya shilingi mia. Kisha tenganisha vitu hivyo katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni vile vinavyonunuliwa kila siku au kila baada ya siku moja kwa sababu huharibika upesi, yaani mchicha, matembele, kisamvu, chainizi, bamia, nyanya chungu, pilipili, ndimu na giligilani. Kundi la pili ni vile vinavyokaa, yaani unga, mchele, maharage, sukari na mafuta. Lima vya kundi la kwanza tu.

Wapo watakaokushauri upande mahindi, na kwa kweli kila masika mtu huona mabua yamejipanga kwenye viwanja vya mjini. Hesabu haiwaungi mkono. Shamba la mahindi likitoa tani 3 kwa hekta, ambayo ni mavuno mazuri kuliko wanayoyapata wakulima wengi, kila mita ya mraba imetoa gramu 300. Uwanja wa mita 20 za mraba utakupa kilo 6 baada ya kusubiri miezi mitatu au minne, na kaya ya watu watano itakuwa imezimaliza ndani ya siku chache. Eneo hilohilo likipandwa mchicha hutoa kilo moja hadi mbili kwa kila mita ya mraba kwa mkupuo mmoja wa wiki nne tu, na mikupuo hiyo hurudiwa mwaka mzima. Tuseme kaya hutumia shilingi 1,000 kwa siku kununua mboga: hiyo ni 30,000 kwa mwezi na 365,000 kwa mwaka, fedha ambayo inaonekana ndogo kwa sababu hutoka kidogokidogo.

Hatua ya pili: Pima maji kabla ya kupima ardhi

Katika joto la Dar es Salaam, mboga za majani huhitaji takribani lita 5 hadi 6 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku isiyo na mvua. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 litahitaji lita 25 hadi 30, yaani ndoo moja na nusu za lita 20 kila siku. Kwa kaya iliyounganishwa na bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hiyo ni chini ya uniti moja kwa mwezi, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000, na gharama yake haifikii theluthi ya kile ambacho mboga zile zingekugharimu gengeni. Kwa kaya inayonunua maji kwa dumu kutoka kwa mwenye mkokoteni, hesabu hubadilika kabisa. Anayemwagilia madumu mawili kwa siku kwa bei ya mtaani anaweza kugundua kwamba amehamisha tu fedha yake kutoka kwa muuza mboga kwenda kwa muuza maji. Kaya ya namna hiyo ianze na viroba vitatu au vinne vilivyojazwa udongo, si tuta, na itegemee zaidi maji yaliyokwisha kutumika.

Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yanafaa bila wasiwasi. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga hayafai kwa mboga za majani, ingawa mgomba na mpapai huyavumilia ya suuzo la mwisho. Maji yanayotoka kwenye karo la choo yasiguse bustani ya chakula kwa hali yoyote.

Mvua ni akiba inayopotezwa na nyumba nyingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20, ambayo si kubwa kwa masika ya Pwani, linatiririsha lita 800, na hata ukiondoa yanayomwagika nje ya mfereji utabaki na zaidi ya 600. Mapipa mawili na mfereji wa bati vinatosha kuanzia, ila yafunikwe kwa chandarua ili yasigeuke mazalia ya mbu. Akiba hiyo ina thamani ya pekee wakati wa mgao: mwishoni mwa 2022 kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, maeneo mengi ya jiji yalipata maji kwa zamu, na bustani iliyotegemea bomba peke yake ilikuwa hatarini.

Wenye visima karibu na bahari wachunguze chumvi. Onja maji, kisha angalia udongo uliomwagiliwa kwa wiki mbili. Ukiona utando mweupe juu yake na ncha za majani zinakauka kama zilizounguzwa, chumvi imezidi. Maharage na vitunguu hushindwa mapema katika hali hiyo, wakati mchicha huvumilia kiasi. Mwagilia kwenye shina badala ya juu ya majani, changanya na maji ya bomba inapowezekana, na mvua ya kwanza kubwa ikinyesha acha udongo uoshwe vizuri kabla ya kupanda tena.

Hatua ya tatu: Chagua mahali

Mahali panapofaa ni pale panapopata jua la moja kwa moja kwa saa zisizopungua tano kwa siku, na ambapo unaweza kufika na ndoo bila kuzunguka nyumba. Bustani iliyo mbali na jiko husahauliwa.

Jambo zito zaidi ni usafi wa udongo. Usilime pembeni mwa barabara kubwa kama Mandela, wala mahali palipokuwa gereji, karakana ya betri au dampo, kwa sababu risasi na metali nyingine nzito huingia ndani ya mmea kupitia mizizi, na hakuna kuosha kutakakoziondoa. Ndiyo sababu mboga za Bonde la Msimbazi zimekuwa zikilalamikiwa kwa muda mrefu: mto ule hupokea maji taka ya viwanda na ya majumbani kabla ya kumwagiliwa matutani. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Ukiwa na mashaka na udongo wa kiwanja chako, lima kwenye viroba kwa udongo ulioletwa kutoka mahali unapopajua.

Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba, na ikiwa ni nyumba ya vyumba vingi, azungumze pia na wapangaji wenzake kuhusu bili ya maji, maana ugomvi wa uani huanzia hapo. Viroba na ndoo vinamfaa zaidi, kwa kuwa siku ya kuhama anahama navyo.

Hatua ya nne: Andaa udongo, matuta na viroba

Udongo wa sehemu kubwa ya jiji ni mchanga, ambao hupitisha maji upesi na kubaki na rutuba kidogo. Tiba yake ni samadi. Weka debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kwa kila mita ya mraba, uichanganye na udongo hadi kina cha jembe, na kila unapopanda upya ongeza nusu yake. Mbolea ya kuku hupatikana kwa urahisi kwa wafugaji wa mitaani, lakini ni kali. Iache irundikwe, ilowe na kugeuzwa kwa miezi miwili hadi itakapopoteza harufu na joto, vinginevyo itaunguza miche. Maganda ya ndizi, viazi na mabaki ya mboga yarundikwe kwenye pipa lililotobolewa chini, yakipishana na majani makavu, na baada ya miezi mitatu yatakuwa mboji.

Umbo la tuta lifuate msimu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, inua tuta kwa sentimita 20 au zaidi ili mizizi isizame. Kuanzia Juni hadi Septemba, na tena katika joto la Januari na Februari, fanya kinyume chake: chimba tuta liwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10, na kingo zake ziyazuie maji yasitoroke. Wengi hunyanyua matuta mwaka mzima kwa mazoea, kisha wakashangaa maji yanakwenda wapi. Tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga juu ya udongo ulio wazi, na kiasi cha maji unachohitaji kitapungua.

Kwa kiroba, chukua mfuko wa kilo 50 uliokuwa na mchele au unga. Changanya udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na pumba za mpunga sehemu moja. Simamisha katikati kopo kubwa lililokatwa pande zote mbili, ujaze kokoto ndani yake na mchanganyiko kuzunguka nje yake, kisha uvute kopo juu na kurudia hadi kiroba kijae. Utabaki na nguzo ya kokoto inayopitisha maji kutoka juu hadi chini. Bila nguzo hiyo maji huishia juu, na mimea ya pembeni hufa kwa kiu huku kiroba kikionekana kimelowa. Toboa matundu pembeni kwa kuachana sentimita 15 hadi 20, upande matembele au chainizi humo, na juu uweke mche wa pilipili au wa nyanya chungu.

Hatua ya tano: Panda kwa zamu

Kosa la kawaida ni kusia tuta zima siku moja, mchicha wote ukakomaa pamoja, nusu ukaliwa na nusu ukatoa maua. Ligawe tuta la mita 5 katika sehemu nne na usie sehemu moja kila wiki. Wiki ya nne utakapokuwa unasia ya mwisho, ya kwanza itakuwa inakaribia kuvunwa, na kuanzia hapo utapata kilo moja na robo hadi mbili na nusu kila wiki.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko punje ya mchanga mnene, nyeusi na yenye kuteleza, na ukiimwaga kwa mkono mtupu itaanguka kwa mafungu. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, uchore mistari isiyofikia kina cha ukucha kwa kuachana sentimita 15 hadi 20, umimine mchanganyiko huo taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha ufukie kwa kupitisha kiganja juu tu. Mwagilia kwa ndoo iliyotobolewa matundu madogo ili maji yasizikusanye mbegu pembeni. Miche huchomoza baada ya siku tatu hadi tano, na ikifika urefu wa kidole ipunguze hadi iachane sentimita 5. Ile unayoipunguza ni mboga laini kuliko zote, wala isitupwe. Ukipenda kuchuma badala ya kung'oa, kata shina juu ya majani mawili ya chini, nalo litachipua tena mara kadhaa.

Matembele ndiyo mboga ya mtu mwenye shughuli nyingi. Omba marando kwa jirani, ukate vipande vya sentimita 25 hadi 30, ufukie vifundo viwili au vitatu, na baada ya wiki nne hadi sita uanze kuchuma ncha. Yakipata maji na samadi kidogo kila baada ya mavuno, yataendelea kwa miezi mingi bila kupandwa upya.

Kisamvu kipandwe kando ya uzio, pamoja na kile cha mpira ambacho huwa mti kabisa na kutoa kivuli; majani yake yatwangwe na kuchemshwa vya kutosha kabla ya kutiwa nazi, kwa kuwa mabichi yana sumu. Bamia huanza kuzaa kati ya siku 45 na 60. Nyanya chungu na pilipili huatikwa kitaluni kwa wiki nne hadi tano ndipo zihamishwe jioni, na mashina manne au matano yanatosha kaya moja. Nyanya naziweka mwisho kwa makusudi: joto na unyevu wa Pwani huleta ukungu na mnyauko, na mdudu kantangaze aliyeingia nchini mwaka 2014 hutoboa majani na matunda kabla hujamwona. Anayezitaka azipande Mei au Juni, wakati wa baridi kiasi, na asizifanye tegemeo.

Ukitaka kuona faida kubwa ya bustani, hakikisha tuta lililoinuliwa na viroba vipo tayari kabla ya masika. Wakati huo mabonde hufurika, mboga za mabondeni huoza, na fungu la mchicha hupungua ukubwa huku bei ikipanda.

Hatua ya sita: Zuia wadudu na kuku

Adui wa kwanza ni kuku wa jirani. Kipande cha wavu chakavu wa kuvulia samaki kikizungushwa kwenye miti minne kitamaliza kesi hiyo bila maneno.

Kwa wadudu, zoea kugeuza majani kila asubuhi unapomwagilia. Chini ya jani la bamia utaona vidukari wa kijani wamejikusanya kwenye mishipa, na inzi weupe wataruka kama vumbi ukiligusa. Wakiwa wachache, wafute kwa kidole chenye maji ya sabuni. Wakizidi, twanga kilo moja ya majani mabichi ya muarobaini, uyaloweke katika lita 5 za maji usiku kucha, uchuje, utie kipande kidogo cha sabuni ya mche na unyunyize jioni, kwa kuwa jua huiua nguvu yake. Rudia baada ya wiki moja. Madoa meupe chini ya majani ya mchicha wakati wa mvua ni kutu nyeupe. Ng'oa mimea iliyoathirika na usimwagilie juu ya majani.

Sioni sababu ya kutumia viuatilifu vya dukani kwenye mboga inayovunwa baada ya wiki nne. Atakayelazimika atumie kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, asome siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kabla ya hayo amwone afisa kilimo wa kata, ambaye kazi yake ni kutoa ushauri huo.

Hatua ya saba: Vuna, weka hesabu, tunza mbegu

Vuna asubuhi kabla jua halijawa kali. Kila unachokila kiandike kwa bei ambayo ungelipa gengeni siku hiyo, na kila unachotumia, kuanzia samadi hadi maji, kiandike upande wa pili. Ziada ambayo mama lishe wa mtaani yuko tayari kuinunua ni bora kuliko ile inayosubiri mteja hadi inyauke, kwa hiyo elewana naye mapema juu ya siku na kiasi. Baada ya miezi mitatu hesabu itakuonyesha mmea usiolipa maji yake. Ung'oe, hata kama unaupenda, na mahali pake upande matembele.

Acha mashina matano au sita ya mchicha yenye afya yatoe mashuke. Yakianza kukauka na mbegu kudondoka ukiyatikisa juu ya kiganja, yakate, uyaanike juu ya kitambaa kivulini kwa siku kadhaa, uyapure kwa mikono, upepete, kisha utie mbegu kwenye chupa kavu yenye kifuniko na uandike mwezi juu yake. Mbegu za bamia na nyanya chungu za kienyeji hutunzwa vivyo hivyo, zikitolewa kwenye tunda lililokomaa kabisa. Zile za chotara usihangaike kuzihifadhi, kwa sababu kizazi chake cha pili hakifanani na mama yake. Zinunue upya kwa wakala, ukihakikisha pakiti ina lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ambayo haijapita.